Mjane wa Ávila na Kitabu cha Zohar

Mwezi Mei mwaka 1291 majeshi ya Wamamluki wa Misri yaliuteka mji wa Acre, ngome kuu ya mwisho ya wapiganaji wa Msalaba katika pwani ya Palestina. Waliosalimika walitawanyika, kila mmoja na njia yake. Miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi wa Kiyahudi ambaye historia inamkumbuka kwa jina la mji wake, Isaac wa Acre. Mwaka 1305 tunamkuta Hispania, katika ufalme wa Castilla, akienda mji hadi mji akiulizia kitabu.

Wakati huo hakikuwa kitabu bado. Zilikuwa karatasi za Kiaramu, kipande huku na kipande kule, zikipita mkono kwa mkono na kuuzwa kwa bei nzuri. Waliokuwa nazo waliziita Zohar, yaani mng'aro, na walisema ni mafundisho ya siri ya Rabi Shimon bar Yochai, mwanachuoni wa karne ya 2 aliyeishi Galilaya. Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi, inasimulia kwamba Shimon na mwanawe walijificha pangoni miaka 13 wakiwakimbia Warumi. Basi Isaac alishangaa. Galilaya ni kwao. Marabi wakubwa wa upande ule ndio waliomfunza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtajia kitabu hicho. Iweje kiandikwe Galilaya, kisijulikane Galilaya, kisha baada ya miaka elfu moja na zaidi kiibuke upande wa pili wa bahari?

Kila aliyeulizwa alimtaja mtu mmoja, Moses de León. Ndiye aliyekuwa akinakili kurasa hizo na kuzisambaza. Isaac akakutana naye mjini Valladolid. Moses akamwapia kwamba nakala ya kale anayo nyumbani kwake Ávila, na kwamba akifika huko ataiona kwa macho yake. Wakaagana. Moses akashika njia ya kwao, akaugua akiwa Arévalo, akafia hapohapo.

Isaac hakurudi nyuma. Alikwenda Ávila, na huko mzee mmoja aitwaye David akamsimulia yaliyotokea baada ya msiba. Moses alikuwa mtu wa kupata na kutumia. Fedha zote alizopata kwa kuuza kurasa zilikwisha, akamwacha mkewe na binti yake hawana kitu. Joseph, tajiri wa mji huo, akaona nafasi. Alimtuma mkewe kwa mjane na posa: mwanangu amwoe binti yako, na wewe hutakosa chakula wala nguo siku zote za maisha yako, ninachotaka ni ile nakala ya kale tu. Mjane akaapa kwamba nakala hiyo haikuwahi kuwapo. Mumewe alikuwa akiandika kutoka kichwani mwake. Akaeleza kwamba yeye mwenyewe alimwuliza mumewe kwa nini asiseme ni kazi yake ili apate heshima, naye akamjibu kwamba watu wakijua maneno ni yake, hakuna atakayetoa fedha, bali wakiambiwa ni ya Shimon bar Yochai watanunua kwa bei yoyote. Binti akaulizwa peke yake, bila mama. Akajibu vilevile.

Kwangu mimi ushahidi huu una uzito. Maskini aliyeletewa utajiri mlangoni angeweza kutafuta karatasi zozote zilizochakaa akazikabidhi. Mwanamke huyu alisema neno lililomnyima mkwe na mkate. Lakini hakimu mwangalifu angetaja pia udhaifu wake. Mjane alimwambia mke wa Joseph, mke akamwambia mumewe, habari ikafika kwa David, David akamwambia Isaac. Na Isaac mwenyewe aliendelea kukusanya ushahidi wa upande wa pili. Alielezwa kwamba kuna mtu aliyempima Moses kwa hila: alijifanya amepoteza sehemu ya kurasa alizonunua, akaagiza nyingine, na zilipoletwa zikalingana na zile za kwanza neno kwa neno. Wengine wakamwambia huo si uthibitisho, kwani mwandishi yeyote anaweza kujiwekea nakala ya kazi yake. Mwishoni Isaac anafika kwa mwanafunzi wa Moses, na mwanafunzi anaanza kuapa kwa mbingu na nchi kwamba kitabu ni cha Shimon. Hapo maandishi yanakatika.

Hata hayo tungeyakosa kama si mkimbizi mwingine, Abraham Zacuto wa Salamanca, mtaalamu wa falaki. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492 alihamia Ureno akawa mnajimu wa mfalme. Majedwali yake ya jua yalichapishwa Leiria mwaka 1496, na hesabu zake ndizo zilizowasaidia mabaharia wa Vasco da Gama kupima njia. Meli zilizotia nanga Mombasa na Malindi Aprili 1498, zikaanzisha yale tunayoyajua ya Wareno, ziliongozwa kwa sehemu na elimu ya Myahudi ambaye Ureno nayo ilikuwa imeshamgeuka, kwani mwaka 1497 mfalme aliwalazimisha Wayahudi wote kubatizwa. Zacuto alikimbilia Tunis. Huko, mwanzoni mwa karne ya 16, alikamilisha kitabu chake cha historia ya wanachuoni, Sefer Yuhasin, na ndani yake akanakili simulizi ya Isaac. Matoleo kadhaa ya baadaye yaliiondoa. Haikuwapendeza wachapaji.

Ili kuelewa kwa nini haikuwapendeza, lazima tujue kilichokuwamo katika Zohar na kilichokuwapo kabla yake.

Dini ya Kiyahudi ilikuwa na elimu yake ya batini tangu zamani. Nabii Ezekieli aliona kiti cha enzi kikiwa juu ya gari lenye magurudumu na viumbe wenye nyuso nne, na tangu hapo walikuwapo watu waliotafuta njia ya kuyaona aliyoyaona. Mishna, kiini cha Talmudi, inakataza kufundisha habari za gari hilo hata kwa mtu mmoja, isipokuwa awe ana hekima na uwezo wa kuelewa mwenyewe. Talmudi inataja wanachuoni wanne walioingia bustani ya siri: mmoja akafa, mmoja akarukwa na akili, mmoja akaiacha imani, na Rabi Akiva peke yake akatoka salama. Kilikuwapo pia kijitabu cha Sefer Yetzirah, kinachosema ulimwengu uliumbwa kwa herufi 22 za Kiebrania na hesabu kumi. Mwishoni mwa karne ya 12, kusini mwa Ufaransa, kikatokea kitabu cha Bahir, na karibu na wakati huo akatokea Isaac Kipofu na wanafunzi wake. Kutoka hapo elimu ilivuka milima hadi Gerona. Jina la Kabala, yaani mapokeo, likashika.

Si wote walikaa kimya chumbani. Abraham Abulafia, aliyezaliwa Hispania mwaka 1240, alifundisha kutafakari kwa kuchanganya herufi za majina ya Mungu huku mtu akifuatisha pumzi yake. Mwaka 1280 alifunga safari kwenda kuonana na Papa Nicholas III. Papa alikuwa Soriano, na amri ikatolewa Abulafia achomwe moto akifika. Alipofika, Papa alikuwa ameshafariki ghafla. Abulafia akafungwa mwezi mmoja hivi Roma, akaachiwa.

Zohar ilikuja wakati huohuo, lakini kwa sauti nyingine kabisa. Kwa umbo ni tafsiri ya Torati. Kwa utamu ni hadithi ya safari. Shimon na swahiba zake wanatembea katika njia za Galilaya, wanaamka usiku wa manane kusoma, wanapumzika chini ya miti, na kila wanayekutana naye anaweza kuwa bahari ya elimu. Mwendesha punda wanayemdharau kwa maneno yake ya ovyo anageuka kuwa mzee mwenye siri ambazo wao hawakuzifikia, nao wanaishia kumlilia. Mtoto mdogo anawasahihisha wakubwa. Mzee yule wa punda ndiye anayeifananisha Torati na msichana aliyefichwa ndani ya jumba la kifalme, anayefunua dirisha kidogo ili mpenzi wake pekee amwone, kisha anajificha tena. Msomaji aliyekulia karibu na masufii atahisi yuko nyumbani hapo. Si ajabu, ni ardhi ileile iliyomzaa sufii mkuu Ibn Arabi, mjini Murcia, mwaka 1165.

Kiini cha mafundisho ni kwamba Mungu katika dhati yake ni Ein Sof, asiye na mwisho, ambaye hakuna sala wala fikra inayomfikia. Kutoka kwake zinatiririka sefirot kumi, nguvu ambazo kwazo anajulikana: hekima, ufahamu, rehema, hukumu, uzuri na nyinginezo. Ya kumi na ya chini ni Shekhina, uwepo wa Mungu ulio karibu na watu, na Zohar inamzungumzia kama mwanamke: malkia, bibi arusi, mama aliye uhamishoni pamoja na wanawe. Jambo la kushtua ni kwamba matendo ya binadamu yanazigusa nguvu hizo. Anayetimiza amri anaunganisha kilichotengana juu. Anayetenda dhambi anakitenga. Mwuza duka anayewasha taa ya Sabato anashiriki katika maisha ya Mungu. Kwa watu waliokuwa wakidharauliwa kila mji, fundisho hilo halikuwa dogo.

Likawa kubwa zaidi baada ya 1492. Waliofukuzwa Hispania walibeba hati za Zohar mpaka Italia, Uturuki na Moroko. Mwaka 1553 Papa aliamuru Talmudi ichomwe hadharani Roma. Zohar haikuguswa, kwa kuwa tangu zamani za mwanafalsafa Pico della Mirandola wako Wakristo walioamini kwamba Kabala inaficha habari za Kristo. Kati ya 1558 na 1560 wachapaji wa miji miwili ya Italia, Mantua na Cremona, walishindana kuitoa. Marabi kadhaa walipinga: siri haiwekwi sokoni. Wachapaji walishinda. Mpaka leo wataalamu wanainukuu Zohar kwa namba za kurasa za toleo la Mantua, na tukisema ukweli, ni mitambo ya mwaka 1558 iliyofanya karatasi zilizotawanyika ziwe kitabu kimoja.

Mji ulioipokea kwa mikono miwili ulikuwa Safed, juu ya milima ya Galilaya. Ulikuwa na kazi ya kufuma sufu, ulikuwa chini ya Waturuki waliowapokea wakimbizi, na ng'ambo ya bonde lake iko Meron, linapozuriwa kaburi la Shimon bar Yochai. Hapo aliishi Joseph Karo, aliyeandika Shulchan Aruch, kitabu cha sheria ambacho Wayahudi wengi wanakifuata hadi leo. Mwanasheria huyo mkavu usiku alisikia sauti ya malaika ikisema kupitia kinywa chake, akawa anaandika ilichomwambia. Hapo Moses Cordovero aliipanga Kabala yote kwa utaratibu wa mwanafalsafa. Na hapo, mwaka 1570, alifika kutoka Misri mfanyabiashara wa miaka 36 aitwaye Isaac Luria. Hati za biashara yake zimepatikana Kairo. Aliuza pilipili manga na nafaka.

Luria hakuandika karibu chochote. Alifundisha kwa muda usiofika miaka mitatu, akafa kwa tauni mwaka 1572, ana miaka 38. Aliyosema yaligeuza dini. Kabla ya kuumba, alisema, Mungu alijikunja ili kuacha nafasi, kwani kama amejaa pote, ulimwengu ungekaa wapi? Katika nafasi hiyo akamimina nuru ndani ya vyombo, na vyombo vikapasuka. Cheche za nuru zikaanguka na kunaswa katika vipande. Kazi ya binadamu, kwa kila sala na kila tendo, ni kuziinua cheche zirudi zilikotoka. Kwa hiyo uhamisho si adhabu ya Wayahudi tu: Mungu mwenyewe yuko uhamishoni, na mfinyanzi, mshonaji na mama wa nyumbani wanamrudisha.

Mwanafunzi wake Hayyim Vital aliyaandika mafundisho hayo, kisha akayafungia. Hakutaka yatoke. Inasimuliwa kwamba mwaka mmoja alipougua sana, watu walimhonga ndugu yake vipande 50 vya dhahabu, wakapewa karatasi kwa siku tatu, na waandishi mia wakakaa kunakili usiku na mchana. Idadi hizo ni za masimulizi na zinanukia chumvi. Lakini nakala zilitoka, hilo halina shaka, na katika miaka mia iliyofuata Kabala ya Luria ilienea kutoka Poland hadi Yemen.

Mwaka 1665 ikazaa moto. Sabbatai Zevi wa Izmir alikuwa mtu wa hali mbili: leo amejaa furaha na anatenda mambo ya ajabu, kesho amezama katika huzuni. Alikwenda Gaza kutafuta dawa ya roho kwa kijana mwenye karama, Nathan. Badala ya kumtibu, Nathan akamtangaza kuwa Masihi. Barua zikaruka bandari hadi bandari. Glückel wa Hameln, mwanamke mfanyabiashara wa Ujerumani aliyeacha kumbukumbu za maisha yake, anaeleza kwamba baba mkwe wake alituma Hamburg mapipa makubwa yaliyojaa vitambaa, mbaazi, maharagwe na nyama kavu, tayari kwa safari ya Nchi Takatifu. Mapipa yakakaa, yakakaa, mpaka ikabidi yafunguliwe chakula kisiharibu vitambaa. Septemba 16, 1666 Sabbatai aliletwa mbele ya Sultani Mehmed IV mjini Edirne, akapewa kuchagua kati ya kifo na Uislamu. Akasilimu. Wengi waliona aibu wakarudi makwao. Wengine walishikilia kwamba Masihi ameshuka gizani makusudi ili aziinue cheche zilizonaswa huko, wakaendelea kumfuata kwa siri vizazi na vizazi.

Ni kwa sababu yao kesi ya Zohar ilifunguliwa upya. Rabi Jacob Emden wa Altona alirithi kwa baba yake vita dhidi ya wafuasi hao, na aliona kila wanapobanwa wanakimbilia Zohar. Mwaka 1768 akatoa kitabu cha kuichambua. Akaonyesha kwamba inataja wanachuoni waliozaliwa baada ya Shimon kufa. Inajadili alama za irabu ambazo zilibuniwa karne nyingi baadaye. Na inaeleza maana ya siri ya neno esnoga, ambalo ni jina la sinagogi kwa Kireno, lugha ambayo Shimon asingeweza kuijua. Baada ya kuvunja ukuta wote hivyo, Emden alisita mbele ya chumba cha ndani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kabala. Akahukumu kwamba kiini ni cha kale na yaliyobaki ni nyongeza.

Karne ya 19 haikusita. Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wakidai haki za uraia, na walitaka kuonyesha kwamba dini yao ni ya akili na maadili. Kabala iliwatia aibu mbele ya wageni. Heinrich Graetz, mwanahistoria wao mkubwa, katika juzuu ya 7 ya historia yake, mwaka 1863, alimchukua mjane wa Ávila kama shahidi mkuu wa mashtaka na kumhukumu Moses de León: tapeli, mghushi, mtu wa kula fedha za wajinga. Graetz alisoma hati nyingi. Kwa jambo hili alisoma huku amekasirika, na hasira si miwani mizuri.

Mtu aliyepinga hukumu hiyo alizaliwa Berlin Desemba 5, 1897, mtoto wa mwenye kiwanda cha uchapaji. Gerhard Scholem alikulia katika nyumba ambamo Uyahudi ulikuwa jina tu. Akiwa kijana alijifunza Kiebrania kwa ukaidi, akapinga vita ya 1914, na mwaka 1917 baba yake akamfukuza nyumbani kwa barua iliyosajiliwa posta. Alikuwa na kipaji cha hisabati lakini akaacha hesabu kwa ajili ya Kabala, akaandika tasnifu yake Munich juu ya Bahir. Wakati huo alimtembelea rabi mzee wa Berlin, Philip Bloch, mwanafunzi wa Graetz, mwenye hati nyingi za Kabala. Kijana akasifu: mzee amesoma yote haya? Mzee akashangaa; takataka kama hizi nazo zisomwe? Scholem aliisimulia habari hiyo maisha yake yote, na kwa haki, kwani inaeleza elimu yote ilikuwa imefikia wapi. Hati zilikuwapo rafuni na wenye rafu hawakuzifungua.

Mwaka 1923 alipanda meli kwenda Palestina pamoja na S. D. Goitein, ambaye baadaye angekuwa bingwa wa hati za Kairo na za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Alijiita Gershom. Akapata kazi ya kutunza vitabu katika maktaba ya Yerusalemu, na Chuo Kikuu cha Kiebrania kilipofunguliwa mwaka 1925 akawa mwalimu wa kwanza wa somo la Kabala. Mhadhara wake wa kuanzia uliuliza kama kweli Moses de León ndiye aliyeandika Zohar. Akajibu kwamba Graetz hakuthibitisha. Huenda, alidhani, ndani yake mna tabaka za kale.

Kisha akaketi kufanya kazi ambayo wakili wa Zohar alipaswa kuifanya: kuichambua lugha yake, neno kwa neno, kwa miaka. Nakala yake ya kusomea ilijaa maandishi yake pembeni mpaka ikachapishwa kwa picha baada ya kifo chake, mwaka 1992. Kazi hiyo ikamgeuzia kesi. Kiaramu cha Zohar si cha Galilaya ya karne ya 2. Kimeokotwa katika Talmudi ya Babeli na tafsiri ya kale ya Torati, na mwandishi anarudia makosa yaleyale ya vitenzi ukurasa hadi ukurasa. Chini ya Kiaramu kinapumua Kiebrania cha wanafalsafa wa zama za kati. Jiografia nayo ilimsaliti. Mwandishi anaifanya Kapadokia, jimbo la mbali huko Asia Ndogo, kuwa kijiji cha Galilaya, kwa sababu alisoma vibaya sentensi ya Talmudi juu ya watu wa Kapadokia waliokaa Sepphoris. Aliyewahi kutembea Galilaya asingekosea hivyo. Na mtindo huo, pamoja na makosa hayo, unafanana na wa vitabu vya Kiebrania ambavyo Moses de León alivitoa kwa jina lake kuanzia 1286. Scholem aligundua pia hati inayoonyesha kwamba mwaka 1264 Moses alinakiliwa kitabu cha mwanafalsafa wa Kiyahudi Maimonides, Mwongozo wa Waliotatizika. Alikuwa amepitia falsafa kabla ya kuigeukia siri.

Mwaka 1938, katika mihadhara yake New York, Scholem alitangaza kwamba amebadili msimamo. Moses ndiye mwandishi, na sehemu kuu aliiandika kati ya 1280 na 1286. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka 650. Ila Scholem hakukubali neno mwongo. Kuandika kwa jina la mzee wa kale, alisema, ni desturi ya dini tangu kitabu cha Henoko, na asiyeona moto katika kurasa hizo hajui kusoma. Mihadhara ilitoka kama kitabu mwaka 1941, ikawa msingi wa somo zima. Aliitabaruku kwa rafiki yake Walter Benjamin, aliyejiua mpakani mwa Hispania mwaka uliotangulia akiwakimbia Wanazi. Ndugu yake Werner naye aliuawa Buchenwald mwaka huohuo wa 1940. Mwaka 1946 Scholem alirudi Ulaya kutafuta vitabu vya Wayahudi vilivyoporwa. Alipata malundo ya vitabu. Wenyewe hawakuwapo.

Scholem alifariki mwaka 1982, akaiachia maktaba ya Yerusalemu vitabu vyake vipatavyo 25,000. Wanafunzi hawakumwacha apumzike na hukumu yake. Mwaka 1988 Moshe Idel, mzaliwa wa Romania, alitoa kitabu kilichosema kwamba Scholem aliisoma Kabala kama mafundisho yaliyoandikwa, akasahau kuwa ni jambo linalotendwa: pumzi, machozi, kufunga, kuamka usiku. Idel alikataa pia dai la Scholem kwamba Luria alikuwa jibu la kufukuzwa kwa 1492. Ushahidi, alisema, uko wapi? Wakati huohuo Yehuda Liebes alipendekeza kwamba Zohar haikuandikwa na mtu mmoja. Lilikuwa kundi la marafiki wa Castilla waliosoma pamoja kwa miaka, na yale mazungumzo ya swahiba njiani ni kivuli cha mazungumzo yao wenyewe. Baada yake Daniel Abrams amekwenda mbali zaidi: kabla ya wachapaji wa Italia, anasema, hakikuwapo kitabu kiitwacho Zohar, zilikuwapo hati zisizolingana.

Mimi nawafuata Liebes na Abrams, na naamini mjane alisema kweli kwa alichokiona. Aliona kalamu ya mumewe. Waliokuwa chumbani pamoja naye siku nyingine, wakibishana juu ya aya moja hadi alfajiri, hakuulizwa habari zao. Waamini wengi wa leo hawana shida na ubishi huu wote. Kila mwaka, sikukuu ya Lag BaOmer, mamia ya maelfu hupanda Meron kwa Shimon bar Yochai. Mwaka 2021 watu 45 walikufa huko kwa kukanyagana njiani.

Kwa anayetaka kuijua Kabala, wauzaji wa nyuzi nyekundu na hirizi ni wengi, na tangu miaka ya 1990 wamepata wateja hata Hollywood. Waache. Zohar imekwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza katika juzuu 12, kazi aliyoianza Daniel Matt na kukamilika mwaka 2017, ikiwa na maelezo chini ya kila ukurasa. Lakini usianzie hapo, utazama. Anza na mihadhara ya Scholem ya 1938, kisha msome Idel anavyompinga, ndipo ufungue habari za mwendesha punda.